Kikionekana Kimeombwa

Nianze na lawama yangu mapema, kabla mtu wa nyumbani hajaipatia mahali pa kuificha.

Hapa Muyama, kijijini kwetu, hakuna kitu kinachokaa mahali pake. Jembe liko darini. Pampu ya baiskeli inalala mvunguni, imeviringishwa kwenye gunia. Kiberiti kiko ndani ya kikombe, kikombe ndani ya sufuria, sufuria chini ya beseni, na beseni limefunikwa kwa kanga ambayo nayo inatafutwa tangu juzi. Mpita njia akichungulia ndani ataona mkeka, kigoda na kalenda ya mwaka juzi, atatuhurumia. Asituhurumie. Mali tunazo. Kasoro yake ni moja tu, kwamba hata sisi wenyewe hatujui zilipo.

Watu wa mjini wakisikia hivi hudhani tunaogopa wezi. Wezi gani? Mwizi akiingia nyumbani kwangu usiku, alfajiri nitamkuta amekaa katikati ya sebule, hoi kwa kutafuta, na itabidi nimchemshie uji. Mwizi akikamatwa ana kesi. Tunayemwogopa sisi huja saa nne asubuhi, mchana kweupe. Anapiga hodi, anainama, anapiga makofi ya salamu kama desturi inavyotaka, anaulizia afya ya kila mtu hadi ya ndama, na anapoaga anaondoka na msumeno wako. Huyo hana kesi. Huyo ni shemeji.

Na ukishakuwa Muha wa huku milimani, huwezi kumwambia shemeji "sikupi" ilhali msumeno anauona umening'inia ukutani. Neno hilo litakufuata hadi kwenye msiba wako mwenyewe. Watakuja, watalia, watakula maharage, halafu jioni wakiota moto mmoja atasema, "Mungu amlaze pema, ila kwenye mambo ya msumeno alikuwa mgumu." Kwa hiyo una njia mbili tu duniani: ukitoe, au kisionekane. Kikionekana kimeshaombwa, kimebaki kuondoka.

Msumeno wangu uliondoka. Ningesubiri urudi, lakini aliyeuazima anajua mambo yanavyokwenda, akauficha asije akaombwa na mtu wa tatu. Mtu wa tatu akauona, akauomba, naye akauficha. Sasa hivi uko mahali fulani kati ya hapa na Munyegera, umetunzwa vizuri sana, na hakuna anayekata nao hata kijiti.

Lakini msumeno ni wa msimu. Kinachonitesa kila siku ni sukari. Huku juu kuna baridi. Asubuhi ukungu unakaa mlangoni, na mtu mwenye akili anataka chai ya moto iliyokolea. Mama watoto hununua kilo yake gulioni, na tangu saa hiyo sukari ile huanza maisha ya ukimbizi. Kwanza hukaa kwenye debe la unga wa muhogo, imefukiwa. Watoto wakiigundua, huhamia ndani ya buti langu la mvua. Nikiigundua mimi, kwa namna ambayo mguu wangu hautaisahau, huhamia kwenye kapu la nguo chafu, mahali ambapo mama watoto ana hakika hakuna mwanamume wa nyumba hii atakayepeleka mkono.

Shughuli huanza mgeni anapokaa. Chai inachemka, na sukari haiwezi kutolewa mbele yake, maana akishaona inakotoka ameshaijua njia. Basi mama watoto humwita binti yetu mdogo na kumwambia kwa sauti ya upole, "Hebu kamwangalie bibi kama ameamka."

Nyumbani kwetu hakuna bibi. Bibi ndiyo sukari.

Mtoto anakwenda, anarudi. "Mama, bibi hayupo."

"Hayupo vipi? Jana alilala wapi?"

"Kule kwenye nguo. Nimeangalia, kahama."

Mama watoto anainuka mwenyewe, uso mkavu. Kutoka chumbani tunasikia debe linaanguka, halafu buti, halafu kitu cha tatu ambacho hata mimi sikijui. Mgeni anatazama kikombe chake, anasikitika, ananiuliza, "Bibi anasumbuliwa na nini hasa?"

"Miguu," namwambia. "Hatulii mahali pamoja."

Kinachoniudhi ni kwamba mgeni anajua. Kwake sukari inaitwa mwalimu, na nimewahi kukaa barazani kwake hadi jua likageuka, tukimsubiri mwalimu apatikane.

Bingwa wa fani hii katika ukoo wetu ni shangazi, na yeye namheshimu kwa sababu alisomea. Chuo chake kilikuwa ni ile miaka ya dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikafuata vita ya kumng'oa Idi Amin mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaisha, na maduka yakabaki na mbao za rafu. Shangazi anasimulia walivyokuwa wakipanga foleni bila kujua kinauzwa nini, unaingia kwanza, unauliza baadaye. Chumvi inachemshwa Uvinza, mkoa huu huu wetu wa Kigoma, na bado anasema zilikuwapo siku ambazo ukitaka chumvi unamuuliza mwenye duka kwa kunong'ona.

Halafu ukaja mwaka 1983. Mwezi Machi serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, iliwaanzishia msako walanguzi na wahujumu uchumi, ikafuata na sheria maalumu mwaka huo huo. Wenye maduka waliokuwa wamefukia sukari na sabuni wakisubiri bei ipande wakaanza kuzifukua usiku ili wakazitupe mbali zaidi. Bidhaa zikaonekana mitoni, vichakani, kandokando ya barabara, hazina mwenyewe. Mtu aliyekuwa akitafuta mche wa sabuni mwaka mzima akaukuta umekaa njiani peke yake, akaukimbia.

Shangazi alikuwa na miche yake miwili. Hakuwa mlanguzi, hakuwa na hata kibanda cha njugu. Lakini nani angemhakikishia kwamba miche miwili ni akiba na wala si hujuma? Mpaka haukuwa umechorwa. Akaamua kuifukia kwenye migomba, kwa kina kisichotosha, maana alichimba gizani na kwa haraka. Mvua ya kwanza kubwa ikanyesha, na asubuhi yake shamba la shangazi likatoa povu. Povu likashuka na mfereji hadi njia kuu, jeupe, linanukia usafi. Majirani wakapita, wakaruka, wakasalimia, hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alikuwa akiharakisha kwenda kutazama migomba yake.

Mzee Mwinyi akaingia Ikulu Novemba 1985, biashara ikafunguliwa, watu wakamwita Mzee Ruksa, sabuni zikajaa hadi zikaanza kuitwa kwa majina. Shangazi hakushawishika. Ameona marais wakija na kuondoka, na msimamo wake ni kwamba hali bado haijatulia. Mbegu zake za maharage huzichanganya na majivu zisitobolewe na wadudu, anazitia chunguni, na chungu anakiweka mahali. Hapo kwenye "mahali" ndipo kilimo chetu kinapokwama. Mwaka mmoja mvua za Oktoba zikaanza, Muyama nzima inapanda, sisi tunapekua. Tulipanda mbegu za kununua. Chungu kilionekana Februari nyuma ya kuni, na mbegu zilikuwa salama kabisa. Hata wadudu walikuwa hawajafanikiwa kukipata.

Msidhani ukoo wetu ndio pekee wenye ugonjwa huu. Hapa kijijini kuna vijana wanaochimba mali ya Mjerumani. Wana kipimo cha waya chenye betri, wana ramani waliyochorewa na mzee mmoja, na kila mmoja wao ana deni la soda dukani. Wanalotegemea lina mzizi wa kweli. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wakikimbia. Julai Wabelgiji waliichukua Kigoma, Septemba Tabora ikaanguka, na kabla haijaanguka Wajerumani walikuwa wakigonga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli pale Tabora. Hayo yamo vitabuni. Yasiyo vitabuni ni haya ya kwamba kila penye mti mkubwa na jiwe lenye umbo la kutia shaka pana sanduku.

Nimelifikiria jambo hili sana. Jeshi linakimbia, Mbelgiji yuko nyuma, chakula hakuna, malaria ipo, na bado kila askari akapata nafasi ya kusimama, kuchimba shimo la futi kumi, kushusha sanduku, kufukia, na kupanda mwembe juu yake? Kama ni kweli, basi hawakuwa Wajerumani wale, walikuwa wajomba zangu. Hadi leo kilichofukuliwa na vijana wetu ni choo cha zamani cha jirani, ambacho kilikuwa kimefukiwa kwa sababu nzuri.

Sasa nije kwenye kituko chenyewe, maana haya mengine ni ya kuchemshia maji.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti za zamani, zilizotolewa kuanzia mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zinaondolewa kwenye mzunguko. Kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025 mwenye nazo alitakiwa azipeleke Benki Kuu au benki yoyote ya biashara, apewe nyingine kwa thamani ile ile. Baada ya hapo zingekuwa karatasi. Sina ugomvi na tangazo hilo. Lilisomwa redioni, likarudiwa, likajadiliwa. Miezi mitatu ni muda wa kutosha kwa mtu anayejua fedha yake iko wapi.

Siku taarifa ile ilipofika senta, watu walikuwa wengi pale kwenye kahawa, na wote walitikisa vichwa. "Jamani, mpaka leo kuna watu wanaficha hela ndani!" "Ushamba huo." "Benki zipo, simu zipo." Tukacheka. Kicheko kikapungua. Mmoja akakumbuka ng'ombe hajafungwa. Mwingine akakumbuka ana sufuria jikoni, mtu ambaye hajawahi kuinjika hata maji. Kabla ya magharibi senta ilikuwa nyeupe.

Usiku huo Muyama haikulala. Huku godoro linaburutwa, kule mtu yuko darini na tochi ya simu, na upande wa bondeni jembe linagonga mawe saa saba usiku. Ukiuliza unajibiwa wanachimba shimo la taka. Noti zenye sura ya Mzee Mwinyi zikatoka kwenye vitabu vya nyimbo. Zenye kichwa cha twiga zikatoka kwenye mito iliyolaliwa na vizazi viwili. Wapo waliotoa mabunda, na wapo waliotoa vumbi la mchwa lenye rangi nzuri. Wahenga walisema akiba haiozi. Nawaheshimu wahenga, ila hawakuwahi kukutana na mchwa, wala na tarehe 5 Aprili.

Shangazi alinitaka nimweleze vizuri. Akatoa kibindoni elfu kumi ya mwaka 2003, akaomba na ya kwangu ya siku hizi, akazitandika zote mbili juu ya ungo, juani. Akainama.

"Hii ina nini?"

"Tembo, shangazi."

"Na hii?"

"Tembo."

"Sasa huyu wangu amekosa nini?"

Nikamweleza kwamba noti mpya zina alama za usalama ambazo za zamani hazina. Akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo tembo wa zamani hana usalama, nami nimelala naye miaka yote hii?" Akaikunja, akairudisha kibindoni, na ile ya kwangu akaikunja pamoja nayo. Sikuiomba. Ilikuwa haionekani tena.

Kuanzia Januari watu wakaanza kuugua. Mmoja jino, mwingine kiuno, na wengi mno ghafla wakawa na wagonjwa wa kuwatazama Hospitali ya Kabanga. Buhigwe tumekuwa wilaya tangu tulipomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, lakini mambo ya siri bado tunayapeleka Kasulu. Hata benki ingejengwa mlangoni pa mtu angeipita, kwa sababu hapo angeonekana na jirani. Kila mmoja akaona afadhali aende mbali na macho. Na kila mmoja, kwa akili yake mwenyewe, bila kumshirikisha mtu, akachagua Jumatatu.

Mimi nilikuwa nimemsindikiza shangazi. Foleni ilikuwa ya watu wa Muyama watupu. Tulikuwa wengi kuliko kwenye mkutano wa kijiji, na kwa mara ya kwanza akidi ilitimia. Wote wamevaa makoti, na kila koti limetuna upande mmoja. Mbele yetu alikuwa shemeji, yule yule wa msumeno, mtu ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuwa na mia mfukoni. Alikuwa amekumbatia begi la shule la mtoto wake kwa mikono miwili, na alipotuona akaanza kutazama dari.

Nyuma yetu kidogo palikuwa na bwana mmoja, jirani, aliyeaga nyumbani alfajiri kwamba anakwenda Kabanga kumwona mgonjwa. Mkewe alikuwa watu watatu mbele yake. Naye alikuwa ameaga kwamba anakwenda kwa fundi cherehani. Mama yule aligeuka kupunga hewa, macho yakakutana. Foleni nzima ikanyamaza.

"Baba," akasema kwa adabu zote, "mgonjwa hajambo?"

Yule bwana akameza mate. "Wameniambia kahamishiwa huku."

Walirudi na gari moja, mmoja kiti cha mbele, mwingine nyuma kabisa kwenye magunia. Nasikia hadi leo hakuna aliyemuuliza mwenzake ni kiasi gani. Hiyo ndiyo ndoa, vijana mjifunze.

Nyumbani kwa baba mkubwa mambo hayakuishia kwenye adabu. Baba mkubwa ana redio ya zamani, kubwa, iliyokufa kabla ya vita vya ng'ambo ya mpaka kutuletea wakimbizi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Imekaa juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma. Tulidhani ni mapenzi. Kumbe kwenye tumbo lake, mahali pa betri, palikuwa na fedha ya ndama wawili aliowauza zamani, noti za simba na faru za mwaka 2003, zimefungwa kwa mpira. Tangazo alilisikia vizuri. Alilisikia kwenye redio ya jirani, na alikuwa wa kwanza kuwasikitikia watu wanaoficha hela ndani.

Kilichomshinda ni mama mkubwa. Kila alipotaka kuifungua redio, mama mkubwa yuko pale, anapepeta maharage. Januari anapepeta. Februari anapepeta. Baba mkubwa akamwambia aende akawasalimie wajukuu, hataki. Akamwambia kuna harusi Manyovu, hataki. Machi ikaisha, maharage yale yale yanapepetwa, na baba mkubwa akawa amekaa kwenye kiti chake anaitazama redio iliyokufa, kimya, kutwa. Watu wakaanza kusema uzee umemfikia.

Aprili 5 ikapita. Wiki ya Pasaka wajukuu wakaja, wakataka spika, wakaifungua redio kwa bisibisi. Kelele zilizotoka pale zilisikika hadi kanisani. Na katika kelele hizo ndipo mama mkubwa naye alipokaa chini na kushika kichwa, kwa sababu hela zake zilikuwa ndani ya gunia lile la maharage, na yeye miezi yote mitatu alikuwa akimsubiri mzee atoke.

Hawakugombana kwa hasara. Hasara waliipokea kama wazee. Waligombana kwa swali la nani alianza kumficha mwenzake, na hilo kikao cha ukoo hakijalimaliza, maana kila shahidi aliyeitwa alionekana naye ana haraka ya kurudi nyumbani.

Vijana wananiambia yote haya yamekwisha, fedha sasa iko kwenye simu, haionekani. Nawashangaa. Simu ndiyo imeniumbua kabisa. Muamala ukiingia inalia, na nyumba nzima inaacha kutafuna. Nikienda kwa wakala kutoa, yule kijana ana sauti ya kuuzia samaki: "Mzee, ni elfu themanini, siyo? Themanini?" Hapo senta inageuka, na kabla sijafika kwenye daraja nimeshapishana na watu wawili wenye wagonjwa. Namba ya siri nayo lazima iwekwe mahali. Ya mama watoto imeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, na ili isijulikane ameandika juu yake "namba ya siri si hii".

Na tena, zamani aliyeomba ni yule aliyeona. Simu imetuletea waombaji wasioona. Mpwa yuko Dar es Salaam, hajui kama nina kuku au sina, lakini ujumbe unaingia saa tano usiku: "Mjomba, shikamoo, umelala?" Mjomba amelala. Mjomba anakoroma kwa makusudi.

Kitu pekee nilichokiona hapa Muyama kikikaa hadharani na kisiondoke ni kisanduku cha kikoba. Ni cha bati, kimepakwa rangi ya bluu, kina kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu tofauti, na kisanduku anakaa nacho mtu wa nne ambaye hana hata ufunguo mmoja. Siku ya kikao tunakaa duara, kinafunguliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, hisa zinagongwa muhuri kwenye kijitabu, na hata asiyesikia vizuri anaambiwa zimebaki ngapi. Watu thelathini wanajua kila shilingi iliyomo na inakolala. Kwa kanuni za Muyama ilitakiwa iwe imeombwa ikaisha siku ile ile.

Haikuisha. Nilichunguza kwa nini, nikaona. Ukitaka za kisanduku unaambiwa subiri kikao, andika mkopo, leta mdhamini, rudisha na riba. Hakuna aliyekunyima. Hakuna jina la mtu la kutajwa msibani. Kisanduku kinasema hapana kwa niaba yetu sote, neno ambalo sisi wenyewe tumelishindwa tangu enzi za mababu, tukaona afadhali tufukie sabuni.

Mwaka huu tulipochagua viongozi, swali gumu lilikuwa nani akae na kisanduku. Mwaminifu alikuwapo, lakini mwaminifu ana shemeji wengi, wataanza kumzoea. Mwisho wakamchagua shemeji yangu. Hoja ya mwenyekiti ilikuwa fupi: huyu hana wa kumwomba, maana mwombaji ni yeye.

Sasa nyumbani kwake hakupumuliki. Asubuhi watu wamekaa barazani, wanapiga makofi ya salamu, wanaulizia afya ya watoto wake, afya ya mbuzi wake, na macho yote yako kwenye mlango wa chumba. Amejifunza kusema "subiri kikao" kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Amekonda kidogo. Jana alikuja kwangu, akainama, akasalimia haraka haraka, akaomba blanketi la kukifunikia.

Nilimpa. Hisa zangu zimo humo. Ila nilimwambia akitoka apite Munyegera, aniletee na msumeno wangu.